Bundi Katika Theluji: Uhakiki wa Picha Kumi na Mbili

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta hapa uhakiki wa riwaya, tamthilia na mashairi. Leo naomba radhi, maana nitahakiki kalenda. Ililetwa Kigali na mwalimu mwenzangu aliyerejea kutoka Ufini, nami nikaitundika darasani kwa kuwa wanafunzi wangu hulitamka neno "theluji" bila ya kuwa na kitu cha kuliambatanisha nalo. Weupe unaoonekana mara chache juu ya kilele cha Karisimbi, mita 4,507 juu ya bahari, hautoshi kumfundisha mtu neno hilo.

Picha zote kumi na mbili ni za ndege mmoja: bundi mkubwa wa kijivu, ambaye wataalamu humwita Strix nebulosa, akiruka katika misitu ya misonobari wakati wa majira ya baridi. Siku ya kwanza mwanafunzi mmoja wa kike alihamisha kiti chake mbali na ukuta ule. Alisema kwao ndege huyu akitua juu ya paa, watu huanza kuhesabu wagonjwa waliomo nyumbani, na vijana hutoka na mawe. Sikumcheka. Mimi pia nililelewa hivyo.

Yafaa tukiri kwamba Kiswahili nacho hakikumtendea haki bundi. Katika lugha yetu yeye ni sauti tu: hulia usiku, watu wakanyamaza. Kamusi zetu zinamtaja pia babewatoto, jina ambalo akina mama waliwatishia watoto wao. Lakini ni nani aliyepata kutueleza jinsi bundi anavyoruka? Hapa Rwanda jambo lina mkasa wake mwingine. Kinyarwanda humwita igihunyira, naye huingia katika ngeli inayolingana na ki- yetu. Basi wanafunzi huandika "bundi kinalia", nami kila mwaka nasahihisha: analia, kwa maana ni kiumbe chenye uhai. Picha hizi zilinisaidia katika sarufi kuliko ubao. Aliyeutazama uso ule mviringo kama sinia, na macho yale ya manjano, hawezi tena kusema "kinalia".

Sasa tuingie katika picha zenyewe. Theluji si pambo la nyuma tu. Ndege arukaye msituni aghalabu huwa mweusi upande wa chini, kwa kuwa nuru hutoka juu. Theluji huirudisha nuru hiyo kutoka ardhini, ikaangaza tumbo na mbawa kwa chini, hata kila unyoya ukahesabika. Ndipo huonekana jambo ambalo masikio yetu hayakuweza kutueleza: ukingo wa mbele wa bawa una meno membamba kama ya kitana, na ule wa nyuma una matamvua laini. Hivyo ndivyo bundi anavyopita bila ya kishindo. Hata hivyo theluji ni mwalimu mkali. Kamera huukadiria weupe kana kwamba ni rangi ya kijivu, na mpigapicha asiyeongeza nuru kwa makusudi hupata theluji inayofanana na majivu. Picha ya Januari imeanguka katika kosa hilo, nami nashangaa kwamba ndiyo iliyotangulizwa.

Picha tano zinamwonyesha bundi akiijia kamera uso kwa uso, kucha mbele, mbawa zimetandazwa. Hizi ndizo wanafunzi walizozipenda zaidi, na mimi ndizo ninazozipinga. Bundi huyu ni mwindaji wa kusikiliza. Huweza kumsikia panya aliyejificha chini ya theluji yenye kina cha sentimita 40 na zaidi, kisha akajitupa na kuipasua. Kwa nini basi aelekee kwenye lenzi, tena mara tano? Inajulikana kwamba wapo wapigapicha wanaonunua panya na kuwatupa juu ya theluji mbele ya kamera. Mashindano makubwa ya Uingereza ya picha za wanyamapori, yaliyoanza mwaka 1965, yamekataza chambo kilicho hai. Na mwaka 2010 yalimnyang'anya mshindi tuzo yake baada ya waamuzi kuona kwamba yumkini mbwamwitu wa picha ile alikuwa wa kufugwa. Kalenda hii haisemi neno juu ya namna picha zake zilivyopatikana, na kunyamaza huko nahesabu kuwa kasoro. Panya aliyetupwa juu ya theluji humwondolea bundi kazi yake yote ya masikio. Manyoya ni ya kweli, lakini maisha yaliyoonyeshwa si yake. Isitoshe, ndege aliyezoeshwa hivyo hujifunza kuwafuata watu hadi barabarani, ambako magari humwua.

Zamani mambo yalikuwa na gharama nyingine. Mwingereza Eric Hosking alipoteza jicho la kushoto mwaka 1937 kwa kucha za bundi aliyekuwa akimpiga picha huko Wales. Hakuacha kazi yake. Picha yake ya mwaka 1948 ya bundi wa ghalani, mbawa zimeinuka na windo mdomoni, inasifiwa hata leo.

Nasi je? Katika msitu wa Nyungwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023, yumo Strix woodfordii, ndugu kabisa wa bundi wa kalenda yangu. Yeye hana theluji ya kumwangazia tumbo. Taa ya kamera humwacha akining'inia katika giza tupu, na msitu wote hupotea. Anatajwa pia katika milima yetu bundi mdogo aliyepewa jina la kitaalamu na Prigogine mwaka 1983. Wanafunzi walishangaa kusikia kwamba ndege wa nchi yao aliandikwa vitabuni karibuni hivyo.

Picha iliyo bora kwangu ni ya Novemba, ijapokuwa bundi mwenyewe amekwisha kuondoka. Imebaki alama yake tu juu ya theluji: shimo dogo katikati, na kandoni mwake mbawa mbili zilizochapwa, unyoya kwa unyoya. Niliwaagiza wanafunzi waandike kilichotokea. Walitafuta vitenzi kwa muda mrefu: kuambaa, kujitupa, kupasua, kunyakua, kupaa. Mwanafunzi yule aliyehamisha kiti aliandika ukurasa mzima, na kila mahali aliandika "alitua", "aliondoka", bila ya kukosea ngeli. Kiti chake bado kiko mbali na ukuta.

Walimu wenzangu wa pwani, ikiwa mnalo jina jingine la ndege huyu ambalo halikutungwa kwa kumwogopa, tafadhali liandikieni jarida hili.