Jina la Nyumbani na Jina la Daftarini

Tunapotaja fasihi ya jadi ya nchi yetu, aghalabu tunataja ngano, vitendawili, methali na nyimbo za ngoma. Jina la mtu hatulitaji, ilhali ni utungo mfupi kuliko wote, nao ni utungo ambao kila mzazi, hata asiyejua kusoma, hana budi kuutunga au kuurithi. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki majina ya watoto kama yatolewavyo Bariadi, kwa Wanyantuzu, na kwingineko katika Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza.

Mzazi wa huko leo hukabiliwa na majina mawili. La kwanza ni lile litolewalo na wazee mtoto angali mchanga: Mabula, Limi, Makoye. La pili ni la ubatizo au la kitabuni: Emmanuel, Neema, Veronica. Siku ya kuandikisha kizazi, mara nyingi la pili ndilo hupelekwa daftarini, na la kwanza husemwa kuwa ni la utani tu, la kuitiwa nyumbani. Twaona kwamba mgawanyo huo una kasoro, na kasoro yenyewe imo katika neno hilo “utani”.

Jina la utani, au lakabu, lina tabia zake. Humfuata mtu kwa ajili ya umbo lake au vitendo vyake, nalo hutolewa na umma. Yule mganga mashuhuri wa Usukuma aliyefariki mwaka 1936 aliitwa Igulu Bugomola. Watu wakamwita Ng'wanamalundi kwa ajili ya miguu yake mirefu, na leo jina lake la kwanza wanalikumbuka wachache. Bariadi yenyewe inao mfano wake. Bwana John Cheyo, aliyegombea urais mwaka 1995 na mwaka 2000, na aliyekuwa Mbunge wa Bariadi Mashariki, alijulikana nchi nzima kwa jina la Bwana Mapesa. Hakuna mama ambaye angeweza kulichagua jina hilo mtoto akiwa bado katika mbeleko. Washairi nao hujipa lakabu ukubwani, kama Amiri Andanenga aliyejulikana kuwa Sauti ya Kiza. (Na tuseme kweli, wengi wetu tuandikao mashairi magazetini tumejipa lakabu kubwa kuliko beti zetu.) Lakabu, basi, huja baadaye, mtu akishaonekana ni nani. Mzazi hana uwezo wa kuitoa.

Jina la Mabula si la namna hiyo hata kidogo. Mbula kwa Kisukuma ni mvua, na Mabula ni aliyezaliwa wakati wa mvua. Limi ni jua, ni mchana. Kashinje ni mtoto aliyetanguliza miguu. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto awafuataye pacha ni Shija. Hapo mzazi hachagui neno. Kuzaliwa kwenyewe ndiko kunakochagua. Msikilizaji anayeijua lugha akisikia Shija, papo hapo amejua kwamba nyumba ile ilipata pacha kabla yake. Ni hadithi ya nyumba nzima katika silabi mbili. Iweje utungo wenye habari nyingi hivyo uitwe utani, na jina ambalo babu mwenyewe hawezi kulitamka vizuri ndilo liitwe rasmi?

Husemwa kwamba ni dini iliyotaka hivyo. Zamani palikuwa na ukweli. Lakini Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 hailazimishi jina la mtakatifu. Yataka tu jina lisipingane na moyo wa Kikristo, na mvua haipingani nao. Jirani zetu wa Mara wanao mfano ulio bora. Mtoto aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Alipobatizwa mwaka 1943 akawa Julius, na Kambarage hakulitupa. Lilibaki katika jina lake hadi Ikulu, na uwanja wa mpira wa Shinyanga unaitwa kwa jina hilo. Naye Doto Biteko, aliyeteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023, aliingia katika hati za Serikali kwa jina la pacha.

Walimu wanayajua madhara ya mgawanyo huu kuliko sisi. Mtoto ameitwa Limi miaka sita; siku ya kwanza ya Darasa la Kwanza linasomwa jina la Veronica, naye amekaa kimya, kwa kuwa hajui kwamba ndiye. Akikua, mambo huzidi. Cheti cha kuzaliwa kina Veronica, kadi ya kliniki ina Limi, cheti cha Kidato cha Nne kina yote mawili kwa mpangilio mwingine. Aombapo mkopo wa masomo ya juu, au kitambulisho cha taifa, hana budi kuapa mbele ya wakili kwamba watu hao watatu ni mmoja.

Hata pale mzazi anapolipeleka jina la Kisukuma daftarini, kalamu huweza kuliharibu. Kisukuma kina sauti za pua zenye pumzi, mh na nh, na kina ng'w, ambazo mkono uliozoea Kiswahili hauna desturi ya kuziandika. Ng'wandu huandikwa Mwandu. Mhoja, karani asipokuwa mwangalifu, atakuwa Moja. Yafaa mzazi aliandike jina kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani, na karani aulize badala ya kukisia. Kosa la herufi moja kwenye cheti huishi muda mrefu kuliko aliyelifanya.

Lakini je, kila jina la nyumbani lastahili kuandikwa? Nyanzala ni msichana aliyezaliwa wakati wa njaa. Makoye ni matatizo. Zamani, kwa bibi asiye na cheti, jina la Nyanzala ndilo lililokuwa cheti: wazee waliukumbuka mwaka wa njaa, wakahesabu umri wake kutoka hapo. Kazi hiyo sasa inafanywa na tarehe, na mzazi asiyetaka bintiye abebe njaa maisha yake yote hatumlaumu. Makoye limezoeleka mno hata halimchomi mtu tena. Mabula ni jambo jingine. Cheti kitaandika siku na mwezi. Hakitaandika kwamba siku hiyo mvua ilinyesha.

Kwa pacha, wengi Bariadi hawana mjadala. Mama akifika na watoto wawili, swali la karani huwa moja tu: yupi ndiye Kulwa?