Filamu ya Polepole Hupimwa kwa Sikio

Anayetaka kujifunza kuipima filamu ya uhalifu isiyo na haraka aanze na Le Trou ya Jacques Becker, iliyotoka Ufaransa mwaka 1960, wiki chache baada ya mwongozaji huyo kufariki. Mahabusu wanne wa gereza la La Santé, Paris, wamepanga kutoroka kwa kuchimba sakafu ya chumba chao. Kabla hawajaanza, analetwa humo kijana Gaspard, nao hawana budi kuamua kama wamwamini. Kisa ni hicho tu.

Swali la kwanza ni kama muda unaopita una kazi. Tazama wanapoanza kuvunja zege kwa chuma walichokitoa kitandani. Kamera imeinamia sakafu, haibanduki, na dakika zinakwenda bila picha kukatwa. Mmoja akichoka, mwenzake anapokea chuma. Zege linapasuka kweli, kipande baada ya kipande. Mwongozaji mvivu angekuonyesha mapigo matatu halafu shimo. Becker haruki, ndiyo maana shimo likipatikana unaliona kama jasho lako mwenyewe. Kwangu mimi hakuna tukio bora zaidi katika filamu za magereza.

Halafu sikiliza. Hakuna muziki wa kukuelekeza uogope wakati gani, mpaka majina yanapopita mwishoni. Kuna chuma, nyayo za walinzi na funguo, na kila kishindo kinakufanya uwaze ni nani mwingine amekisikia. Kwa hiyo usiitazame kwenye simu ndani ya daladala. Ngoja usiku, nyumba itulie.

Angalia pia mikono. Becker aliwachagua watu ambao wengi wao hawakuwa na jina kwenye sinema. Jean Keraudy, anayeigiza Roland, alikuwamo kweli katika jaribio la kutoroka La Santé mwaka 1947, ambalo mfungwa mwenzake, José Giovanni, aliliandikia riwaya. Kipande cha kioo kinapachikwa kwenye mswaki na kupenyezwa kwenye tundu la mlango ili kuchungulia ukumbini. Roland hana mbwembwe, vidole vyake vinaijua kazi.

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni kuirudia. Mara ya pili achana na shimo. Mfuatilie Gaspard kila anapoitwa nje, kisha zitazame nyuso za wenzake anaporudi: wanavyomsogezea nafasi, na nani anayechelewa kumsogezea.