Mapishi ya Simu: Inatuambia Tufanye Nini, Haituambie Juu ya Nini

Wandugu wasomi, karibu kila siku mu makundi yetu ya WhatsApp kunapita video ya mapishi rahisi: sombe ya dakika 20, maharagi bila kulowesha, mawese isiyo na harufu. Zingine zinatoka Dar es Salaam na Nairobi, zingine zinatengenezwa hapa Uvira na ngambo, Bujumbura. Watu wanazipenda sana. Lakini sisi tunaosoma kila kitu kwa jicho kali, kuanzia TFC ya rafiki mpaka hotuba ya wakubwa, hatujasoma mapishi namna hiyo. Leo tujaribu.

Nianze na mazuri, juu iko. Hizi video zimefundisha vijana wanaume wengi, wanaokaa peke yao mu chumba cha kupanga, kupika mboga badala ya kula mikate na chai asubuhi na magaribi. Zinaongea Kiswahili ya nyumbani. Na zinaonyesha mikono ikifanya kazi, kitu ambacho kitabu hakiwezi. Aliyeona namna kitunguu inabadilika rangi mu mafuta hahitaji maneno mingi.

Kasoro yake njo hii: zinatoa amri bila sababu. Tia, geuza, funika, ngojea. Amri bila sababu inasaidia tu kama jiko lako inafanana na ya yule aliyeitoa. Ikibadilika kitu kimoja, makala ao maji ao bei, mpishi hajui atoe nini na aache nini.

Tuchukue sombe. Majani ya muhogo iko na kitu kinaitwa linamarini, kinachotulia ndani ya jani. Ukitwanga, jani linapasuka, linamarini inakutana na enzimu yake, na mwisho inatoka asidi siyanidriki, ambayo ni sumu. Mtu atasema: basi kutwanga njo kunaleta sumu! Hapana, kutwanga njo kunaifungulia mlango. Ile asidi inachemka karibu na digrii 26, hata joto ya saa sita hapa kwetu inapita pale. Iko tayari kwenda na mvuke, uipe tu njia. Kwa hiyo kutwanga laini si urembo, na kuchemsha mara ya kwanza bila kufunika si ujinga wa zamani.

Sasa angalia zile video za haraka. Majani inakatwa kwa kisu, vipande vikubwa, inaingia mu sufuria pamoja na mafuta na kitunguu, na juu yake kifuniko. Sababu ya kufunika ni ya kweli: makala ni bei, na sufuria yenye kifuniko inachemka mbio. Kwa maharagi, ushauri huo ni mzuri kabisa. Kwa sombe, mu ile saa ya kwanza, ni mbaya. Kifuniko ni kile kile na makala ni ile ile, lakini jibu ni mbili. Asiyejua sababu atayatofautisha namna gani?

Mtu atanijibu: bamama wetu hawakutupa sababu hata siku moja, na tulikula, tukakomaa. Ni kweli. Lakini mama alikuwa amesimama karibu. Alikukataza kuanua muhogo mu maji kabla ya siku zake. Video inakata pale pa kungojea, juu kungojea hakupendezi machoni. Na hata desturi ya mama inavunjika maisha ikibana. Konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu na haurudi nyuma, daktari Giovanni Trolli aliuelezea mwaka 1938 huko Kwango. Unatokea mahali watu wanakula muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri, na chakula ingine ya kuongezea protini inakosekana. Huko Bandundu, watafiti waliona unafuata mahali siku za kulowesha zilipunguzwa ili muhogo ufike mbio sokoni Kinshasa. Na si mambo ya mbali: mwaka 2011 watafiti walitangaza konzo mu Burhinyi, teritware ya Mwenga, hapa hapa Kivu ya Kusini, kisha miaka ya vita. Watu walijua kulowesha. Lakini wakati wa kukimbia na njaa, sheria ambayo sababu yake haijulikane njo ya kwanza kutupwa.

Na kungekuwa video moja fupi ya maana kuliko zote hizo. Howard Bradbury, mtafiti wa Australia, na wenzake walionyesha hivi: chukua unga wa muhogo, changanya na maji, utandaze mwembamba, usipite sentimetre moja, uache saa 2 kwa jua ao saa 5 kwa kivuli, kisha usonge bugali siku ile ile. Siyanidi nyingi inatoka. Hakuna mashine wala dawa. Bamama wa Kahemba walifundishwa njia hiyo. Mu makundi yetu, mimi sijaiona ikipita.

Mifano mingine, kwa ufupi. Wanasema tia bikarbonate mu maharagi yaive mbio. Ni kweli yanaiva, lakini bikarbonate inaharibu vitamini B1. Kulowesha usiku kucha kunapunguza makala vilevile, na hakuharibu hivyo. Mwaga ile maji, kisha maharagi mekundu yachemke kwa nguvu dakika 10 zaidi mbele ya kupunguza moto. Wanasema choma mawese mpaka iwe nyeupe. Ile rangi nyekundu njo karoteni, ambayo mwili unageuza vitamini A. Ukiichoma umenunua dawa ya macho ukaimwaga. Wanasema toa ndagala kichwa na mifupa ipendeze. Ndagala inaliwa nzima, na mifupa yake njo kalsiyumu ya batoto. Osha mchanga tu. Wanasema osha saladi na limao inatosha. Mu mji ambamo kolera tunaijua vizuri hivi, limao haichukue nafasi ya maji iliyochemshwa ao yenye dawa.

Kuna kasoro ya pili, ndogo lakini inaumiza mfuko: vipimo. Gramu 250, foro digrii 180, krimu fureshi. Sisi tunanunua kwa kopo ya Guigoz, kwa fungu, na tunapikia mbabula. Mapishi isiyohesabu moto imeacha nje kitu cha bei kubwa kuliko kitunguu.

Siseme tuache kuangalia. Nasema tuzihukumu kwa maulizo tatu: inatoa sababu? Inahesabu makala na maji? Inatumia kipimo cha soko letu? Ikikosa yote, hata kama sahani inangara, ni picha nzuri tu.

Na kazi ingine ni yetu. Humu ndani kuna agronomo, kuna wauguzi, kuna wakemia, na hakuna anayeandika chini ya video sentensi moja ya sababu. Tunatuma alama ya vidole juu, basi. Siku ingine mtu akileta sombe ya dakika 20, mwenye kujua aandike pale pale: hapa atwange kwanza, hapa afunue sufuria, juu ya hivi na hivi. Haimalize hata mega moja ya simu, na kuna mama atakayesoma akiwa ameshika kifuniko mkononi.

Maoni yenu, hasa wale wanaopika kila siku, tunayangojea hapa chini.