Fundo Linaloonekana Taa Ikiwashwa

Mchana, kifuniko cha taa kilichofumwa kwa nyuzi za abaka ni kitambaa tu, cheupe chenye umanjano kidogo, kikavu mkononi. Washa balbu iliyo ndani. Kitambaa chote kinajaa vidoa vidogo vyeusi vilivyotawanyika bila mpango, kimoja hapa, viwili pale. Kila kidoa ni fundo, na kila fundo limefungwa na vidole vya mtu.

Taa za namna hii, za abaka, henzirani na mianzi, zimewapa mafundi wa Ufilipino nafasi ya heshima katika maonyesho makubwa ya samani za Ulaya, kama Maison&Objet ya Paris na Salone del Mobile ya Milan. Wengi wanaozisifu husifu uzuri wake. Uzuri ulikuwepo siku zote. Kazi kubwa ilikuwa kupambana na joto la balbu, ukavu wa hewa ya Ulaya, na gharama ya kusafirisha kitu ambacho ndani yake hamna kitu.

Tuanze na uzi wenyewe. Abaka ni ndugu wa mgomba, na ukiuona shambani kwa mbali utadhani unazaa ndizi. Zaidi ya robo tatu ya abaka yote ya dunia hutoka Ufilipino. Kwetu mkonge hupitishwa kwenye mashine iitwayo korona. Huko, sehemu kubwa ya kazi bado ni ya mkono. Shina hubanduliwa ganda kwa ganda, utepe wa ganda huwekwa chini ya kisu kilichobanwa juu ya gogo, kisha mtu huuvuta kwa nguvu za mwili mzima. Nyama hubaki upande wa pili, uzi hutoka. Maganda ya nje hutoa uzi wa kahawia, ya ndani hutoa uzi unaokaribia weupe, kwa hiyo rangi ya mwanga huamuliwa shambani, kabla mbunifu hajashika penseli. Uzi ukikauka, mfungaji huunganisha ncha kwa ncha, hukata vikia vya fundo, na kuuachia uzi uanguke kapuni usijisokote. Uzi huo uliofungwa huitwa tinagak.

Abaka na mkonge ni watani wa zamani. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942, Uingereza na Marekani zilikosa abaka ya kamba za meli, zikaugeukia mkonge wa Tanganyika. Baadaye nailoni ikaja ikaviumiza vyote viwili. Abaka ilitafuta pa kutokea, ikapata karatasi za vifuko vya chai, na ikapata taa.

Kabla ya LED, taa ya nyuzi ilikuwa mashaka. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa karibu umeme wake wote kama joto, na mwanga ulikuwa mabaki. Nyuzi kavu zilipaswa kukaa mbali nayo, hivyo taa ikawa kubwa au ikawa na mdomo mpana. LED hutoa mwanga huohuo kwa wati 8 au 9 tu, na mfumaji akaweza kuusogeza uzi karibu na chanzo. Lakini LED nayo huchemka kitakoni, na ukiifungia ndani bila pumzi hufa mapema. Ndiyo maana taa nyingi nzuri zina tundu juu, ambalo mtazamaji hulichukulia kuwa pambo. Kisha kuna rangi ya mwanga. Kwenye kelvini 2,700 abaka hugeuka dhahabu. Kwenye 6,500 huwa majivu. Nimeona taa za thamani zikiuawa hivyo na balbu ya bei nafuu, na iliniuma.

Jambo linalonivutia kuliko yote ni mgawanyo wa kazi kati ya chuma na uzi. Zamani henzirani ilikuwa mifupa na ngozi kwa pamoja. Kenneth Cobonpue, mbunifu wa samani wa Cebu huko Ufilipino, aliyerudi kutoka masomoni mwaka 1996 kuendesha karakana ambayo mama yake Betty aliianzisha mwaka 1972, alijulikana kwa viti ambavyo henzirani yake imepangwa kwa nafasi juu ya fremu ya chuma, jicho likapenya hadi upande wa pili. Mantiki hiyo ni ya taa kabisa: chuma kibebe uzito, uzi ubebe mwanga. Faida yake huonekana taa ikifika Ulaya. Hewa ya Cebu ina unyevu mwingi. Nyumba ya Paris wakati wa baridi, mitambo ya joto ikiwaka, ni kavu mno. Uzi ukikauka hunywea zaidi kwa unene kuliko kwa urefu, na msuko hulegea. Kama msuko ndio unaoshikilia umbo, taa hupinda. Kama ni chuma, umbo hubaki, ilimradi nyuzi zilikaushwa vizuri kabla ya kupakwa vanishi na chuma kikapakwa rangi inayozuia kutu, kwani doa moja tu la kutu huchora mstari wa kahawia usiofutika.

Chuma kina gharama yake. Msanii Isamu Noguchi alipoanza taa zake za Akari huko Gifu, Japani, mwaka 1951, alitumia karatasi na mwanzi vinavyojikunja vikalala bapa. Taa yenye fremu iliyochomelewa haikunjiki. Ukiipakia kontenani unalipia hewa. Dawa ni kutengeneza saizi zinazoingiana, ndogo ndani ya kubwa, kama sufuria za dukani. Naamini makundi ya taa tatu au tano yanayoning'inia pamoja kwenye mabanda ya maonyesho yalizaliwa ndani ya boksi kabla ya kuwa mtindo.

Halafu banda. Kumbi za maonyesho zina mwanga mkali unaoifuta taa ya nyuzi kabisa. Wanaojua huweka dari ya kitambaa, hupaka kuta rangi nzito, na hutundika taa karibu na ukuta, kivuli cha msuko kitambae nyuma yake. Mnunuzi wa hoteli hununua na hicho kivuli. Nguo za kuta na dari zenyewe lazima ziwe na cheti cha kutoshika moto haraka; bila hivyo banda zuri linaweza kufungwa kabla ya mgeni wa kwanza. Taa nayo lazima iwe na alama ya CE kabla ya kuuzwa katika Umoja wa Ulaya.

Ninalolalamikia liko kwenye kibandiko. Lang Dulay, mfumaji wa Kitiboli wa Lake Sebu aliyefuma kitambaa cha abaka kiitwacho t'nalak, alitunukiwa na taifa lake mwaka 1998, na jina lake linafuatana na kazi yake. Kwenye taa nyingi unakuta jina la mbunifu, jina la kampuni, na neno "abaka". Mtu akitumia siku nzima kufunga ncha kwa ncha, jina lake au la kijiji chake lingetosha katika mstari mmoja chini ya bei, na sijaona kanuni ya maonyesho inayolizuia.