Kutoka Daftari la Sol-fa hadi Mistari Mitano kwa MuseScore

Kwaya nyingi za Kenya, za Voi na milima ya Taita zikiwemo, huimba kwa sol-fa. Mfumo huu wa herufi d, r, m, f, s, l, t ulisambazwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, ukaenea Afrika Mashariki kupitia misheni. Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walifika Sagalla, juu ya Voi, mwaka 1883. Sol-fa hufundishika haraka na huandikika kwa kalamu yoyote. Lakini mpiga kinanda aliyesomea nota za mistari mitano hawezi kuisoma, na daftari likilowa, wimbo umepotea.

MuseScore ni programu huria ya kuandika nota, iliyoanzishwa na Werner Schweer mwaka 2002. Hailipiwi, na ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Toleo la 4, la Desemba 2022, linahitaji kompyuta ya biti 64. Mashine kuukuu hutosheka na toleo la 3. Ipo pia LilyPond, ya mwaka 1996, ambayo nota zake huandikwa kama maandishi ya kawaida. Audiveris husoma nota kutoka kwenye picha, ila inajua mistari mitano tu, kwa hiyo sol-fa ya mkono lazima ichapwe nota kwa nota.

Kazi hurahisika sana ikianzia kwenye ufunguo wa C, hata kama daftari linasema “Doh = F”. Katika C, d ni C, r ni D, na kuendelea. Mchapaji hahesabu chochote. Herufi za nota, yaani C, D na nyinginezo, huchapwa kwenye kibodi, tarakimu 5 ikiweka nota ya pigo moja na 4 ya nusu pigo. Fe huwa F iliyopandishwa, ta huwa B iliyoshushwa. Sauti zote nne zikikamilika, wimbo mzima huhamishwa hadi F kwa amri moja, na alama hizo za kupandisha na kushusha hufuata zenyewe.

Penye mtego ni sauti za wanaume. Kwa kanuni ya Curwen, teno na besi huandikwa oktava moja juu ya zinavyosikika. Asiyelijua hilo ataona besi ikipanda juu ya alto, adhani daftari limekosewa. Dawa ni kuteua mstari mzima na kuushusha kwa Ctrl na mshale wa chini.

Maneno huingizwa kwa Ctrl+L, na kistari huruka hadi nota inayofuata. Kiswahili hukatika vizuri kwa sababu silabi zake nyingi huishia na irabu, lakini “mtu” ina silabi mbili, na ile m hudai nota yake. Mtunzi mmoja huipa, mwingine huibana pamoja na “tu”. Mchapaji afuate mdundo wa wimbo wenyewe, asitunge kanuni yake.

Wimbo wa ngoma, kama wa ngoma ya Mwazindika ya Wadawida wa milima ya Taita, hauna daftari la kunakili. Hapo huanza rekodi, ikipunguzwa mwendo katika programu ya sauti ya Audacity bila kubadilisha kimo cha sauti, kisha kila ngoma huandikwa kwenye mstari wake. Ugumu mkubwa ni kuamua pigo la kwanza liko wapi. Mwongozo bora kuliko masikio ya mchapaji ni miguu ya wachezaji, kwa hiyo video hufaa kuliko sauti pekee. Waimbaji wakipita kati ya nota mbili za kinanda, huandikwa iliyo karibu na kuwekwa maelezo pembeni. Kuinyamazia tofauti hiyo ni kuuharibu wimbo.

Kwa waimbaji wasiosoma mistari mitano, MuseScore huweza kuandika Do, Re, Mi ndani ya vichwa vya nota, ikifuata ufunguo wa wimbo. Huweza pia kutoa sauti ya besi peke yake kama faili ya MP3, ikatumwa kwa WhatsApp kabla ya mazoezi.