Askari wa Mzigo na Askari wa Mtu

Maneno hurithi tabia za watu waliotangulia kuyatumia. Chukua neno "askari". Asili yake ni Kiarabu, ambako ni mtu wa jeshini, nalo lilipanda kutoka pwani pamoja na misafara ya karne ya 19. Katika njia ile ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na askari alibeba bunduki. Kazi ya askari ilikuwa na pande mbili: kuulinda mzigo usiporwe, na kumchunga mpagazi asitoroke. Mpagazi mwenyewe hakuwa na askari wake.

Wajerumani walilichukua neno hilo kama walivyolikuta. Januari 1893 waliivamia ngome ya Mtemi Isike hapa Unyanyembe, naye alipoona ameshindwa akalipua ghala lake la baruti. Tangu hapo askari akawa mkono wa serikali. Waingereza waliunda polisi wa Tanganyika mwaka 1919, na hata leo tunasema "Jeshi la Polisi". Jeshi hutafuta adui. Je, adui huyo ni nani katika soko la Tabora?

Tunaambiwa kuwa polisi wapo kwa ajili ya "raia na mali zao". Msomaji, tazama mpangilio wa maneno hayo: raia ametangulia, mali imefuata. Mpangilio ni mzuri, ila nina shaka kama ndivyo mambo yalivyo. Mtu aliyejeruhiwa kwa kupigwa hutakiwa kupita kituoni kuchukua fomu ya PF3, huku damu ikimtoka. Tume ya Jaji Warioba ilipochunguza rushwa mwaka 1996, iliwataja polisi miongoni mwa waliokithiri. Mnyonge anayedaiwa chochote ili asikilizwe hana tofauti kubwa na mpagazi yule.

Haki lakini itendeke pande zote. Askari wa cheo cha chini naye ni mpagazi. Hupangiwa zamu ndefu, nyumba za kuishi hazitoshi, na gari la kituo likikosa mafuta lawama humwangukia yeye, si aliyepanga bajeti. Kumtukana yeye peke yake ni sawa na kulaumu jembe kwa shamba lililolimwa vibaya.

Imani ikipungua, watu hujitafutia njia. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha zilizagaa, mifugo ikaibwa kwa mtutu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wanyamwezi na Wasukuma wakaanzisha Sungusungu kwa pinde na mishale. Wizi ulipungua, na sheria ya mwaka 1989 ikawatambua. Hata hivyo, watuhumiwa waliteswa, na akina mama wakongwe waliandamwa kwa tuhuma za uchawi. Mlinzi asiye na wa kumuuliza, awe na bunduki au upinde, huishia pale pale.

Wapo wanaosema tubadili jina, yatosha. Kenya ilifanya hivyo katika Katiba ya 2010: jeshi likawa huduma. Hata hivyo, Juni 2024 waandamanaji walipigwa risasi Nairobi. Jina jipya halifundishi mkono wa zamani. Kwetu, mpango wa Polisi Jamii ulioenezwa tangu 2006 chini ya Mkuu wa Polisi Said Mwema ulikuwa na wazo sahihi, na tume ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman ilipendekeza mageuzi makubwa mwaka 2023. Kisha ukaja uchaguzi wa Oktoba 2025, na roho za watu zikapotea. Mapendekezo yaliyofungiwa kabatini hayamkingi mtu na risasi.

Kinachotakiwa ni chombo huru cha kupokea malalamiko dhidi ya polisi, chenye uwezo wa kumfikisha mkosaji mahakamani, na askari anayelipwa na kutunzwa kiasi cha kuweza kukataa amri mbaya. Msafara haukufika Ujiji kwa bunduki. Ulifika kwa mabega ya wapagazi. Polisi nao hawamkamati mwizi bila mwananchi aliyewanong'oneza, na mwananchi hamnong'onezi anayemwogopa.