Nyumba Isiyo na Boriti

Mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft hauhitaji kutambulishwa kwa wenye watoto. Ulitoka rasmi mwaka 2011 huko Sweden, na kazi yake kubwa ni kujenga: dunia yake yote ni ya matofali ya mraba, kila moja likihesabiwa mita moja kila upande. Wapenzi wa mchezo huo hutengeneza nyongeza zao wenyewe, ziitwazo modi. Ninayoijadili hapa huleta matofali, milango, nguzo na madirisha ya usanifu wa nchi mbalimbali. Sitaitaja jina, kwa kuwa walioitengeneza ni watu wa kujitolea, na kasoro nitakazozieleza si zao peke yao. Nimezikuta hata katika vitabu vya picha vya bei kubwa.

Niliijua kwa mpwa wangu, mwenye miaka kumi na minne, mzaliwa wa Maskati. Alitaka kumjengea bibi yake nyumba ya ukoo iliyokuwa Mji Mkongwe, Unguja. Nyumba yenyewe haipo tena. Ilibaki tupu baada ya 1964, ikavuja miaka mingi, ikaanguka. Picha tuliyonayo ni moja tu, ya harusi, na inaonesha mlango na kipande cha baraza.

Modi imepanga vitu vyake kwa mafungu: Ulaya, Uarabuni, India, Afrika na kadhalika. Mlango wa Unguja wenye misumari ya shaba tuliukuta India. Si kosa tupu, maana milango ya kizingiti cha upinde ina mkono wa mafundi wa Kihindi. Lakini ile ya kizingiti kilichonyooka, ambayo ni ya zamani zaidi, haimo kabisa, na hata huo uliomo hauna mfaa katikati. Kuta za chokaa ziko Uarabuni. Afrika ni udongo na makuti. Kijana akafungua mafungu matatu kujenga nyumba moja, akaniuliza, “Mjomba, sisi tuko wapi hapa?” Nadhani swali hilo limeulizwa katika nyumba nyingi za wasomaji wa jarida hili, bila ya mchezo wowote.

Tuwe waadilifu: rangi ya chokaa iliyobanduka imefanywa vizuri mno, na nusu tofali, lenye kimo cha nusu mita, ni baraza kamili.

Kasoro kubwa aliiona bibi. Kijana alimletea kompyuta mpaka kitandani, akamwonesha ukumbi wenye upana wa matofali kumi na mawili. Bibi hakuutazama mlango. Alitazama juu.

“Boriti za ukumbi huu mmezikata mti gani?”

“Bibi, humu dari haihitaji boriti.”

“Basi hilo ni hema, mwanangu. Kwetu kitanda cha samadari kikikaa, kimebakisha njia ya mtu mmoja.”

Amesema kweli. Katika mchezo huu tofali likiwekwa hewani hubaki hewani, isipokuwa vitu vichache kama mchanga. Mji Mkongwe, kama Lamu, dari ya mawe na chokaa ililala juu ya boriti za mikoko, na boriti ndiyo iliyoamua chumba kiwe na upana gani: mita mbili na nusu, tatu hivi. Urefu uliweza kuongezwa, upana haukuweza. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini Rufiji na Lamu zikaenda Sur, Maskati, Bahrain na Kuwait, ambako Waarabu wa Ghuba huziita chandal, na vyumba vya zamani vya huko vikawa vyembamba vivyo hivyo. Uhusiano wa pande mbili hizi za bahari umo katika upana wa chumba kuliko katika nakshi. Modi imechukua nakshi, kipimo imekiacha.

La kushangaza ni kwamba mchezo wenyewe, bila ya modi, unavyo vifaa vyetu. Matumbawe yaliingizwa mwaka 2018, na ukiyatoa majini hufa na kuwa ya kijivu. Wajenzi wa Kilwa walikata matumbawe hai chini ya maji yakiwa laini, wakayachonga mihrabu na miimo ya milango kabla hayajawa magumu. Mikoko nayo iliingizwa 2022. Watengenezaji wa modi hawakugusa chochote katika hivyo, wala kidaka kimoja hawakukitoboa ukutani. Walitafuta kinachopendeza machoni, na hapo ndipo wasafiri wengi waliotuandika walipoishia.

Kijana amevunja ukumbi wake akaanza upya kwa sharti moja: hakuna chumba kinachozidi matofali matatu kwa upana. Gogo la mkoko la mchezo ni nene mita nzima, kwa hiyo ametumia vipande vya ua wa mkoko, vilivyo vyembamba. Bibi amemtajia idadi ya boriti za chumba chake. Alizihesabu utotoni akilala na homa. Sasa wamefika kwenye ngazi, na hapo kazi imesimama, kwani bibi anasema zilikuwa kushoto ukiingia, na mdogo wake aliyeko Dubai anashikilia kwamba zilikuwa kulia.